Kim wa Wapi, Paluku wa Nani

Tulipokuwa wadogo, mchezo wetu wa jioni pale Mubambiro ulikuwa kusoma vifua vya wanajeshi. Malori meupe ya Umoja wa Mataifa yalitoka Goma kwenda Sake, yakifika kwetu yanapunguza mwendo kwa sababu ya mashimo na ya chukudu zilizosheheni makala, nasi tunakimbia kandokando tukisoma kwa sauti majina yaliyoshonwa juu ya mfuko wa shati. Wahindi ndio waliotushangaza. Singh. Singh. Tena Singh. Lori zima la akina Singh!

Rafiki yangu mmoja, jina lake Bahati, alisimama akihema, akauliza: "Bale bote baba yabo ni moja?" Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara alimjibu bila hata kuinua kichwa: "Weye na Bahati wa kule kwa fundi ya nguo, baba yenu ni moja?"

Tulicheka, tukaendelea na mbio. Ukubwani swali lile limenirudia mara nyingi, na sasa wanaoliuliza ni watu wazima wenye kalamu mkononi, wengine wenye bunduki. Wanaangalia jina, wanadhani wamemwona baba, babu na kijiji. Hao nao wangehitaji kukaa nusu saa na yule muuza ndizi.

Nyumbani kwetu mimi ni Kasereka. Mnande akilisikia hana haja ya kuuliza zaidi: huyu ni mwana wa tatu. Wavulana wana mstari wao, Paluku wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Wasichana nao wana wao, unaoanza na Masika na kufuatiwa na Kavira. Mtoto anayegeuza mfululizo, tuseme mvulana anayekuja baada ya wasichana watupu, huyo ni Muhindo, na akiwa msichana ni Kahindo. Ukivuka mpaka pale Kasindi ukaingia kwa ndugu zetu Wakonzo wa Uganda, Paluku anageuka Baluku, Kambale anakuwa Bwambale, Kasereka anakuwa Masereka, na hesabu ni ileile.

Jina la namna hiyo halirithiwi, maana nafasi ya kuzaliwa hairithiwi. Baba yangu alizaliwa wa pili, akaitwa Kambale. Kaka yangu naye alizaliwa wa pili, naye Kambale. Mwanangu wa kwanza ni Paluku. Kwetu hakuna utata wowote. Utata ulizaliwa siku nilipokaa mbele ya karani mmoja, katika ofisi ambayo sitaitaja, nikijaza karatasi za familia. Alikuwa mgeni, mtu mpole, na fomu yake ilitaka "jina la ukoo". Alipanga karatasi zetu mezani kama mtu anayecheza karata. Baba Kambale, kaka Kambale: akaweka alama ya sawa. Mimi Kasereka: akaweka alama ya kuuliza. Mwanangu Paluku: akavua miwani. Kwa hesabu yake kaka yangu alikuwa mtoto halali wa baba, mimi nilikuwa mpita njia, na yule mtoto niliyempakata nilikuwa nimemwokota mahali.

Sikukasirika. Kila mtu husoma kwa miwani ya kwao. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia habari za majina ya ukoo huko yanakoheshimiwa kuliko kwingine, nione kama kweli yanasema kile ambacho makarani wanadhani yanasema. Na safari hiyo imenipeleka Korea.

Mlango wenyewe ulifunguliwa Goma. Mei 2013 wageni wawili wakubwa walifika pamoja: Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Jim Yong Kim, Rais wa Benki ya Dunia. Mmoja ni Mkorea, mwingine alizaliwa Seoul akalelewa Marekani. Walikuja na ahadi ya dola bilioni 1 kwa nchi za Maziwa Makuu, na mjini watu walizungumzia dola. Mimi nilibaki na majina. Ban ni jina la watu wachache huko kwao. Kim ni bahari. Katika sensa ya Korea Kusini ya mwaka 2015, watu zaidi ya milioni 10 walikuwa akina Kim, yaani zaidi ya mtu 1 katika kila 5. Ukiongeza akina Lee na akina Park umekaribia nusu ya taifa. Angekuwapo pale rafiki yangu Bahati, angeuliza tena kama baba yao ni mmoja.

Wakorea wenyewe wana jibu la zamani. Kim peke yake haitoshi. Lazima ujue ni Kim wa wapi. Kila ukoo una mahali pake pa asili, pakiitwa bongwan, na mtu ni Kim wa Gimhae, au Kim wa Gyeongju, au Kim wa Jeonju kama alivyokuwa Kim Il-sung. Kim wa Gimhae na Kim wa Gyeongju ni watu baki. Lakini Kim wa Gimhae na Kim wa Gimhae, hata kama mmoja katoka kusini kabisa na mwingine kaskazini na hawajawahi kuonana, walihesabiwa ndugu, na sheria iliwakataza kuoana. Watu waliopendana waliishi bila ndoa kwa miaka, watoto wao wakikosa nafasi katika daftari la serikali, hadi Mahakama ya Katiba ilipolitengua katazo hilo mwaka 1997. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia niko Sake. "Uko muntu ya wapi?" Swali lilelile, lenye uzito uleule, isipokuwa kule lilimnyima mtu mke, na huku limewahi kumnyima mtu uhai.

Asili ya jina inasimuliwa hivi. Mwaka 42 sanduku la dhahabu lilishuka kutoka mbinguni juu ya kilima cha Gujibong, ndani yake mayai sita ya dhahabu. Yai la kwanza lilimtoa Suro, akawa mfalme wa Gaya, na ukoo wa Kim wa Gimhae unajihesabu kuwa uzao wake. Akina Kim wa Gyeongju wana sanduku lao jingine, lililoning'inia juu ya mti msituni, na ndani yake mtoto mchanga aliyeitwa Alji. Herufi ya Kim yenyewe ina maana ya dhahabu, au madini kwa jumla. (Huku kwetu, ambako kila kilima cha Rubaya kimetobolewa kama chujio, jina la namna hiyo lingekuwa Koltani, na sijui kama lingeleta ufalme.)

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mke. Simulizi, iliyoandikwa na mtawa Iryeon katika karne ya 13, inasema Mfalme Suro alioa binti aliyekuja kwa merikebu kutoka nchi ya mbali iitwayo Ayuta, jina lake Heo Hwang-ok. Wengi wanaihusisha Ayuta na Ayodhya, India. Baadhi ya wanawe walichukua jina la mama, ndiyo maana mpaka leo akina Kim na akina Heo wa Gimhae wanajihesabu tumbo moja. Novemba 2018 mke wa rais wa Korea Kusini, Kim Jung-sook, alikwenda Ayodhya kumkumbuka bibi huyo. Ukweli wa kihistoria wa safari ile wanaubishania wataalamu, wala mimi si mmoja wao. Ninachokiona ni hiki: ukoo mkubwa kuliko koo zote za Korea, wenye watu zaidi ya milioni 4, unasimulia bila aibu kwamba mama yake wa kwanza alikuwa mgeni aliyeshuka chomboni. Jaribu kusimulia hivyo juu ya ukoo wako Masisi, mbele ya watu, uone nani atabaki kitini.

Na hao milioni 4, wote ni uzao wa mfalme? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Kwa karne nyingi jina la ukoo lilikuwa mali ya wakubwa. Watumwa na watu wengi wa chini waliitwa kwa jina moja tu, basi. Vitabu vya nasaba viliandikwa na kutunzwa na familia za heshima, na kadiri utawala wa Joseon ulivyozeeka, ndivyo nafasi katika vitabu hivyo zilivyouzwa. Mfanyabiashara mwenye fedha na asiye na babu alinunua babu. Mwaka 1894 matabaka yalifutwa kisheria, na sheria ya daftari la watu ya mwaka 1909 ikataka kila mmoja aandikwe kwa jina la ukoo. Mtu ambaye hakuwa nalo angefanya nini? Alichukua la bwana wake wa zamani, au la majirani, au lile lililosikika vizuri zaidi mbele ya karani. Kim lilisikika vizuri. Katika kizazi kimoja watoto wa mfalme waliongezeka bila mfalme kurudi duniani.

Sisemi haya kuwacheka Wakorea. Nawaonea wivu kidogo. Walilichukua jina la wachache wakaligawa kwa wote, na leo hakuna anayeweza kumtazama Kim barabarani akajua kama babu wa babu yake alikuwa waziri au mtumwa wa waziri. Akina Singh wa malori yetu ni hadithi inayofanana na hiyo. Jina lina maana ya simba, na Guru Gobind Singh aliwapa wanaume wa Kalasinga mwaka 1699, kusudi majina yaliyotangaza tabaka la mtu yapoteze nguvu. Bahati hakukosea sana, basi. Wale wa lorini walikuwa wamepewa baba mmoja kwa makusudi.

Lakini serikali inayoweza kugawa jina inaweza pia kulipora. Februari 1940 watawala wa Kijapani waliamuru kila familia ya Korea ichukue jina la ukoo la mtindo wa Kijapani, na wakatoa miezi sita. Muda ulipokwisha, karibu kaya 8 katika kila 10 zilikuwa zimejiandikisha, maana asiyejiandikisha alijua mtoto wake atapata shida shuleni na yeye mwenyewe kazini. Mwaka huohuo, upande wetu wa dunia, mlima Nyamulagira ulikuwa unamaliza mlipuko ulioanza mwaka 1938, na lava yake iliyofika hadi ziwani karibu na Sake ilikuwa inaanza kuganda. Jiwe lile jeusi bado lipo, unalipita ukienda Goma. Majina ya Kijapani hayapo. Mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya Japani kushindwa, sheria iliyarudisha ya zamani, na akina Kim wakarudi kuwa akina Kim.

Msomaji wa Kivu mwenye umri wa wazazi wangu hahitaji kuelezwa hisia hiyo. Oktoba 1971 Kongo iligeuzwa Zaire. Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na raia wote wakatakiwa kuacha majina ya kizungu na kurudi kwa mababu. Padri aliyembatiza mtoto Pierre alitishiwa kifungo. Kardinali Malula alipinga, akajikuta uhamishoni Roma kwa muda. Wazazi wetu waliokuwa Joseph na Marie asubuhi walirudi jioni wakiwa wametafuta jina la babu, la mlima au la msimu wa njaa ili kujaza pengo. Hapo ndipo ilipoota ile postinomu tuliyonayo mpaka leo, jina la pili kwenye karatasi zetu. Miaka miwili baadaye Mobutu alizuru Pyongyang, akarudi ameduwaa kwa alichokiona kwa Kim Il-sung, na wakufunzi wa Korea Kaskazini wakaja kuinoa Divisheni ya Kamanyola. Mtu aliyewafuta akina Pierre alikuwa amempenda Kim mmoja kupita kiasi.

Nitakuwa mkweli, katika uamuzi ule wa Mobutu kulikuwa na kitu ambacho watu wengi walikipenda, na wapo wanaokipenda hadi sasa. Wamisionari nao walikuwa wametugawia majina bila kutuuliza. Ubaya ulikuwa katika amri. Mtu akilazimishwa kuitwa kwa jina la babu yake, babu mwenyewe amegeuzwa polisi.

Na babu aligeuzwa polisi kweli. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kwamba mababu zake walikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tangu tarehe 1 Agosti 1885. Nani Masisi ana karatasi ya mwaka 1885? Mhunde hana, Mtutsi hana, Mhutu hana, mimi Mnande sina. Wabelgiji wenyewe, kati ya 1937 na 1955, walikuwa wamewahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kuwaleta kwenye milima ya Masisi kwa ajili ya mashamba, na wengine walikuwapo upande huu kabla ya mpaka kuchorwa. Kwa kuwa karatasi hazikuwapo, watu walisoma majina. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi yote. Sheria ya mwaka 2004 ilisogeza mwaka wa kupimia hadi uhuru, 1960. Mazoea ya kusoma majina hayakusogea.

Nimesimama kwenye bariere za kila rangi kati ya Goma na Sake, za wenye sare na za wasio na sare, kabla Sake haijaangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na baada ya hapo. Utaratibu haubadiliki. Kijana anachukua kadi yako ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu kwa kuwa kingine hatuna, anaiinamisha kwenye jua kwa sababu wino umeshaanza kufutika, anasogeza midomo akisoma nom, postinomu, prénom. Halafu anainua macho na kukutazama usoni, kana kwamba pua yako ni mstari wa nne. Kim wa wapi?

Mchunguze basi kwa akili anachokitafuta. Kwa Wanyarwanda, mzazi humpa kila mtoto jina lake mwenyewe: huyu Habimana, kwamba Mungu yupo; mdogo wake Hakizimana, kwamba Mungu ndiye aokoaye. Baba na mwana hawana neno moja la pamoja katika majina yao, na majina hayo wanayabeba Wahutu na Watutsi sawasawa. Yule kijana wa bariere hawezi kuyatenganisha, ila anadhani anaweza. Kwa Wanande jina linasema nafasi ya mtoto tumboni na hapo linanyamaza. Na juu ya hayo kuna majina ya Kiswahili, akina Bahati, Amani, Furaha, Riziki, Mapendo, Neema, ambayo ndiyo akina Kim wa Kivu. Amani mmoja Mhunde, mwingine Mshi, mwingine Mhutu, mwingine hajui na hajali. Modeste Bahati Lukwebo, aliyeongoza Seneti Kinshasa, ni Mshi wa Kivu Kusini. Rafiki yangu Bahati wa malori hana undugu naye hata wa mbali, na angependa sana kuwa nao.

Wapo wanaosema dawa ni kufanya kama Ulaya na Korea: baba awe na jina moja la ukoo, watoto wote walibebe, mambo yaishe. Najua familia za Goma na Butembo ambazo tayari zinafanya hivyo kwa ajili ya pasipoti na shule za nje, na siwalaumu. Baba ambaye watoto wake watatu wana majina matatu tofauti hupata tabu kubwa uwanja wa ndege wa ugenini, na mkimbizi anayetaka kuungana na wanawe huambiwa akapimwe damu kwanza. Lakini kuifanya iwe sheria ni kurudia 1909, 1940 na 1972 kwa mpigo. Tena huku kwetu, ambako jina la ukoo lingegeuka haraka kuwa jina la kabila, tungekuwa tumemrahisishia kazi yule kijana wa bariere. Mtoto anayeitwa Riziki tu anapita salama mahali ambapo ukoo mzima ungesimamishwa.

Lawama yangu ni kwa fomu. Undugu hauhitaji kuwa ndani ya jina; unahitaji kuandikwa pembeni yake. Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya jina la baba na jina la mama, na hizo mbili zinamwambia karani kila kitu ambacho "jina la ukoo" linajaribu kukisema bila kuweza. Shida ni kwamba vyeti hatuna. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika kabisa Masisi na Rutshuru, kwa hiyo hata ile kadi ya wino unaofutika wengi wetu hatukuipata. Watoto waliozaliwa katika kambi za wakimbizi wa vita, na waliozaliwa njiani kambi zilipovunjwa Februari 2025, wana jina mdomoni mwa mama yao na hawanalo popote pengine.

Mama na baba mnaosoma haya, mpeni mtoto jina lolote mlilolipenda, Paluku, Habimana, Amani, hata Kim. Kisha mwandikisheni. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa siku 90 tangu siku ya kuzaliwa, na ndani ya siku hizo hampaswi kulipa chochote. Mkiombwa pesa, ulizeni ni ya nini, na msitoke kabla jina la baba na la mama halijaandikwa herufi kwa herufi.